Marehemu na Mleta Habari

Irbid, Jumapili, 10 Februari 2019

Hadil mwanangu,

Anayekuandikia ni marehemu ami yako. Usicheke. Au cheka tu, maana mimi nimeshacheka na nimeshalia, na sasa sina nguvu ya lolote kati ya hayo mawili. Simu nimeizima nikaifungia kabatini, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono na barua nampa Abu Raja wa basi la Amman. Kila nikiiwasha anapiga mtu kuwapa pole wanangu; akisikia sauti yangu anapiga yowe.

Ilikuwa hivi. Alhamisi asubuhi Hajj Shihada, mzee wetu sote, Mungu amrehemu, alikutwa amefariki kitandani. Mimi ndiye niliyepeleka habari kwenye ukumbi wa ukoo. Nikamwambia Sufyan aitangaze kwa ile programu uliyotutengenezea. Akaketi, akaandika, akabonyeza. Mimi nikaenda zangu kwa kinyozi. Kidevu kimenyolewa upande mmoja, kinyozi anatazama simu yake, ananitazama kwenye kioo, anarudi kwenye simu.

"Abu Laith," ananiambia, "hapa wameandika umekufa."

"Maliza kunyoa kwanza," namwambia.

Ujumbe ulisema: Ukoo unatangaza kwa huzuni kifo cha Nawaf, habari imeletwa na Hajj Shihada. Yaani maiti ndiye aliyenitangaza mimi! Na umekwenda kwa ukoo mzima, kuanzia Irbid mpaka walioko Kuwait.

Nafika nyumbani nakuta turubai limeshafungwa, viti vimepangwa, kahawa chungu inapitishwa. Abu Ghaleb, aliyeninunia tangu uchaguzi wa manispaa, analia machozi ya kweli. Aliponiona alijifuta haraka akasema, "Basi mimi naenda."

Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni ya Bibi yako. Jirani alimsomea ule ujumbe. Bibi akainuka vilevile bila viatu, anakuja kwangu kumzika mwanawe, na ngazi zilikuwa zimelowa mvua. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali. Daktari anazungumza nami huku anatazama sakafu, nami nimeelewa.

Sufyan nimemsema mbele ya wanaume wote. Nikamwambia, "Mtihani wa sekondari ulikushinda, tukakupa kazi ya kuandika majina ya watu, nayo imekushinda?" Anang'ang'ania kwamba aliandika sawasawa. Huyu mtoto wa marehemu kaka yangu sijui nimfanye nini. Ungempa hata somo dogo, mwanangu. Programu yako haina neno, hilo kila mtu analijua.

Ami yako aliye hai,
Nawaf


Amman, Jumanne, 12 Februari

Ami yangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, Abu Raja kanikabidhi mkononi huku akisema, "Kutoka ahera." Namshukuru Mungu uko salama. Nilikupigia Alhamisi ile na simu ikaita tu, roho ikawa mkononi.

Ya Bibi yameniliza. Nambusu mikono. Ningependa kuja Ijumaa hii lakini kazini wametubana, kuna mteja anayesubiri. Nitakuja punde nikipata nafasi.

Kuhusu programu, nimeipitia na sasa iko salama, haitarudia. Usiwe na wasiwasi nayo. Na Sufyan usimkaripie sana, ami. Mtu yeyote anaweza kukosea.

Binti yako,
Hadil


Irbid, Jumapili, 17 Februari

Binti ami Hadil,

Salamu nyingi. Najua una kazi, nitakuwa mfupi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu siku ile sithubutu kugusa kitufe. Hapa wananiita Izraili. "Izraili, niletee kahawa, lakini usiniue." Ni mzaha tu, naelewa.

Swali langu ni moja. Kwenye ile skrini kuna kisanduku cha jina la mleta habari, na chini yake kisanduku cha jina la marehemu. Mimi nakumbuka niliandika Nawaf juu na Shihada chini. Nililiandika jina la Hajj polepole kwa sababu ndiye aliyenifundisha kukaanga buni, na nilikuwa nalia. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Lakini wote wanasema niligeuza, na Ami Nawaf anasema nimegeuza, na mimi sasa nikilala naona mkono wangu ukigeuza.

Je, huko kwenye kompyuta yako unaweza kuona nilichoandika? Hata kama nilikosea, niambie. Nataka kujua tu.

Jana nilikwenda hospitali, nikambusu Bibi miguu, nikamwomba radhi. Alinishika kichwa akasema amenisamehe. Wanaume wa ukoo walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama.

Wazee waliokuwa waende kwa kina Ruba kuniposea binti wao wameahirisha safari. Baba yake alimwambia Ami, "Tungoje kidogo, watu waache kucheka."

Samahani kwa usumbufu.

Sufyan


Amman, Jumatano, 20 Februari

Ndugu yangu Sufyan,

Pole sana kwa yote. Kwa bahati mbaya programu haihifadhi kinachoandikwa kwenye visanduku, ikishatuma inafuta, kwa hiyo hakuna namna ya kujua. Nadhani ulikuwa na huzuni, kama unavyosema mwenyewe, na machozi machoni. Katika hali hiyo mtu anaweza kuandika hivi akaamini ameandika vile. Si dhambi. Usijitese nayo, itasahaulika.

Nimefurahi kwamba Bibi amekusamehe.

Hadil


Irbid, Jumamosi, 2 Machi

Hadil mwanangu,

Bibi amerudi nyumbani, hapa kwangu. Hatembei. Namnyanyua mwenyewe asubuhi na jioni. Mke wangu Um Laith mgongo wake hauruhusu, na Bibi hataki mgeni amguse. Ananiambia, "Nilikulilia ukiwa mzima, sasa nibebe." Ulimi wake haujavunjika, tumshukuru Mungu.

Sasa sikiliza habari njema. Tulimtoa Sufyan kwenye kompyuta tukamweka Iyad, yule mfamasia. Tangu hapo matangazo yote yametoka sawa, ya misiba na ya harusi. Hakuna hata moja lililogeuka. Waliokuwa bado wanamtetea Sufyan wamenyamaza, kwa sababu ushahidi gani tena wanautaka? Kidole kimebadilika, kosa limekwisha. Nimemnyang'anya na ufunguo wa ukumbi. Ameondoka, nasikia yuko Ramtha kwenye duka la mikate. Baba yake Ruba naye amesema waziwazi kwamba hampi binti yake mtu asiyejua kumtofautisha aliyekufa na aliye hai.

Mwanamume ulimwengu wake unavunjika hivyo kwa uzembe. Inaniuma, ni damu yetu, lakini kajitakia.

Jingine. Ukoo umeamua kukupa ngao ya shukrani kwa programu yako. Ya shaba, jina lako limechongwa. Mwanamke wa kwanza kuheshimiwa ndani ya ukumbi ule! Baba yako angekuwa hai angetembea mjini kifua mbele. Njoo Ijumaa ya tarehe 15, baada ya sala. Tumeshaagiza kondoo wa kupikia wali wa mansafu.

Ami yako,
Nawaf


Amman, Jumanne, 5 Machi

Ami,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Sufyan hakukosea. Aliandika Nawaf juu na Shihada chini, kama alivyosema. Nimeyaona kwa macho yangu, kwa sababu programu inahifadhi kila kinachoandikwa. Nilimdanganya.

Nikueleze ilivyokuwa. Ndani ya programu kuna amri ndogo ya kupanga maneno. Unaipa sentensi yenye mashimo: Ukoo unatangaza kifo cha fulani, habari imeletwa na fulani, ila mahali pa kila fulani unaacha mabano matupu. Kisha unaikabidhi majina, nayo inayatumbukiza kwa zamu. Jina la kwanza shimo la kwanza, la pili shimo la pili. Haijui nani kafa, wala haiulizi. Mwezi Januari mliniambia wahuni wanaleta habari za uongo, kwa hiyo mleta habari aandikwe kwanza. Nikalipandisha jina lake juu. Sentensi sikuigusa. Ikabaki inasubiri marehemu kwenye shimo la kwanza, na msiba wa kwanza tangu hapo ulipotokea, wa kwanza kufika ukawa wewe.

Lingeepukika kirahisi. Unaweza kuyapa mashimo majina, hili la marehemu, hili la mleta habari, hata ukivuruga zamu kila mtu anakwenda mahali pake. Vijana wanaoanza kazi kwetu nawafokea wakiacha mashimo bila majina. Lakini ile ya kwenu niliifanya mezani huku nakula, sikuijaribu hata kidogo. Ingekuwa ya mteja ningeijaribu. Kwa kuwa ni ya nyumbani niliona inatosha.

Hata hilo lingesameheka, ami. Lisilosameheka ni hili. Tangazo lile lilinifikia na mimi, kwenye simu yangu, na nilijua kosa liko wapi kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nikafungua kompyuta, nikarekebisha, nikafunga. Kisha ndipo nikakupigia simu kuuliza kama uko hai.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Niliponawa uso asubuhi sikujitazama kwenye kioo. Matangazo ya Iyad yametoka sawa kwa sababu niliziba kosa kimyakimya, na kule kuziba kwangu ndiko kulikomhukumu Sufyan. Kila tangazo lililotoka salama lilikuwa linampigilia msumari. Nilikuwa nayaona yakitoka, nami kimya.

Bibi alivunjika kwa mkono wangu. Na aliyembusu miguu ni Sufyan.

Sistahili ngao yoyote. Niambie nifanye nini.

Hadil


Irbid, Ijumaa, 8 Machi

Hadil,

Barua yako nimeisoma nikaitia kwenye jiko la mafuta. Um Laith aliuliza ni ya nani, nikasema ni bili ya maji.

Nisikilize. Uliyoniandikia usimwandikie mtu mwingine. Unafikiri watasema umekosea wewe? Watasema, "Tuliwaambia." Watasema Nawaf aliuza shamba la mizeituni amsomeshe binti wa nduguye, na tazama. Wasichana wawili wa binamu yako Munir wameruhusiwa kwenda chuo mwaka huu kwa sababu nilimwambia baba yao akutazame wewe. Unataka kuwafungia mlango?

Sufyan amezoea kusemwa. Tangu utotoni anasemwa. Atapata msichana mwingine, na mimi mwenyewe nitamtafutia kazi nzuri zaidi. Taratibu, bila kelele, tutamfidia.

Njoo tarehe 15, pokea kitu chako, kula mansafu, rudi Amman. Ni amri ya baba.

Nawaf


Irbid, Jumapili, 17 Machi

Hadil,

Tangu Ijumaa hujaandika, na mimi simu bado iko kabatini. Basi nianze mimi.

Ulipoingia ukumbini na lile koti jeusi, wazee wakasimama, nilijua. Uso wako haukuwa wa mtu anayekuja kupewa zawadi. Ningeweza kukuzuia mlangoni. Badala yake nikakutangulia nikitabasamu kama mjinga.

Ulivyosema, ulisema vizuri. Hukulia. Nilitamani ulie kidogo, wangekuhurumia. Iyad alipouliza, "Kwa hiyo hata mimi ningetangaza vibaya?" na ukamjibu, "Hata ungekuwa na madaktari kumi pembeni yako," kuna mtu nyuma alisema, "Tumemla kijana wetu bure." Mansafu ikapoa, hakuna aliyenyoosha mkono.

Ndipo Abu Ghaleb, ambaye tangu alie msibani kwangu ananitafutia sababu, akaniuliza, "Na wewe Nawaf, ulijua?"

Nikafungua mdomo. Hadil, Mungu ni shahidi, nilikuwa na jibu la kweli ulimini. Halikutoka. Wewe ukasema, "Ami hakujua. Nimemficha na yeye." Ukasema hivyo hunitazami, ukaiacha ngao mezani, ukatoka. Nami nikakuacha uubebe uongo wangu mbele ya wanaume mia na zaidi, mimi niliyekuambia ile ni amri ya baba.

Waliniletea kahawa. Nikanywa.

Jana nimekwenda Ramtha. Sufyan anatoa mikate kwenye tanuri, mikono imejaa malengelenge. Nilipanga foleni na wateja kwa sababu sikujua nitaanzia wapi. Zamu yangu ilipofika akasema bila kuinua kichwa, "Kilo ngapi?" Nikamwambia, "Mimi nilijua kabla ya Ijumaa. Nilitaka usijue." Akaniangalia. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kulalamika kwamba nawachelewesha. Akanifungia mkate, akanipa, akasema, "Ami, kuna watu wanasubiri."

Sikupata zaidi ya hapo, na sidhani nilistahili. Leo nitakwenda ukumbini nimjibu Abu Ghaleb swali lake.

Usiniombe radhi katika barua yako. Sitajua nikujibu nini.

Nawaf


Ramtha, Alhamisi, 4 Aprili

Hadil,

Barua zako zote za Machi nimezipata. Sikuzijibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na sipendi matusi.

Ami ameshakuja tena, mara hii akiwa na Abu Ghaleb na wazee wa ukoo. Wamekwenda kwa baba yake Ruba. Ami aliweka kikombe cha kahawa chini, akakataa kunywa mpaka mzee akubali, akasema, "Aliyekosa akili si kijana huyu, ni mimi." Mzee akasema, "Kunywa kahawa yako, Abu Laith." Ruba ananiambia alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia na alikaribia kuliangusha. Harusi ni baada ya Ramadhani, tarehe 21 Juni. Ufunguo wa ukumbi wamenirudishia. Sijui kama nitautumia. Hapa napenda kazi, na hakuna anayeniita Izraili.

Mambo ya mashimo na zamu niliyaelewa ulivyoyaeleza. Hayo sina kinyongo nayo. Mimi nimeshaunguza mikate ya asubuhi nzima kwa kusahau, basi wewe nawe ulisahau.

Nisichokielewa ni ile barua yako ya Februari. Nilikuuliza swali la ndiyo au hapana. Ulikuwa na jibu mbele ya macho yako, ukachukua kalamu, ukaniandikia kwamba nililia nikakosea. Ulitumia machozi yangu mwenyewe. Unajua nilifanya nini nilipoisoma? Nilianza kujijaribu. Naandika jina langu kwenye karatasi, nafunika kwa kiganja, nafunua kuona kama ndilo nililoandika. Nilifanya hivyo kwa majuma, kwenye magunia ya unga, kwenye vumbi la kioo. Nilidhani naingia wazimu. Hata sasa, kwa siri, bado nafanya.

Ruba anasema nikualike. Ana moyo mzuri kuliko mimi. Nimemwambia bado. Kwa hiyo usije. Sisemi milele. Nasema usije siku hiyo, nataka niwe na furaha bila kukutazama nikajiuliza nimekusamehe au vipi.

Sufyan


Irbid, Ijumaa, 21 Juni

Sufyan,

Barua hii Abu Raja atakufikishia mkimaliza sherehe zenu, kwa hiyo hongera. Mungu awape upendo na watoto.

Sijaja, kama ulivyotaka. Nipo nyumbani kwa Ami, na ngoma nazisikia kutoka huko ukumbini. Tangu Aprili huwa nakuja kila mwisho wa juma kumsaidia Bibi. Mwanzoni alikataa nimguse, alinisukuma mkono, akasema nina vidole vya baridi. Sasa ananiruhusu nimnyanyue, nimwogeshe, nimchane nywele, ingawa bado analalamika. Leo nilimwambia Ami nitabaki mimi ili yeye na Um Laith waende wote wawili. Alivaa joho lake la sherehe, akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema tu, "Dawa yake ya saa kumi usisahau."

Sikuandikii kuomba kitu. Nilitaka ujue kuwa ile barua ya Februari siilaumu hofu wala kazi. Nilijua ninachokiandika. Nilichagua maneno, nikafuta moja, nikaweka lingine laini zaidi. Kama bado unafunika jina lako kwa kiganja, hilo ni langu, wala si udhaifu wako.

Bibi ameamka kwa zile ngoma. Ameniuliza ni harusi ya nani, nikamwambia ni yako. Akatabasamu. Kisha akanitazama na hizi nguo za nyumbani, akauliza mbona mimi sikwenda. Nikamwambia ukweli wote, wa ujumbe, wa ngazi, wa barua, wa miguu yake uliyoibusu wewe badala yangu. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Alikuwa anasikia vizuri kabisa leo.

Kisha akasema nimsogeze karibu na dirisha asikie ngoma vizuri, na nimwekee mto mwingine mgongoni.

Nimemwekea.

Hadil